Simba Kwenye Simu ya Baba

Angelina huamka saa kumi na moja alfajiri. Anakoga, anakunywa chai ya rangi akiwa amesimama, anafunga mlango na kwenda kituoni. Saa moja asubuhi anakuwa Mtumba, nje kidogo ya Dodoma mjini, kwenye jengo la ofisi lenye ghorofa sita. Yeye ni mfanya usafi. Ghorofa ya tatu na ya nne ni zake. Anapiga deki korido ndefu, anasafisha vyoo, anamwaga takataka. Akimaliza anaanza upya, maana watu wameshapita na vumbi la nje. Jioni anarudi Nkuhungu alikopanga vyumba viwili. Anakaa kitandani, anavua viatu, na kwa dakika kama kumi hafanyi kitu chochote. Mume wake yuko mgodini Geita. Hurudi mara mbili kwa mwaka.

Dakika hizo kumi zikiisha, huwapigia wazazi wake.

Wazazi wanaishi Mlali, wilaya ya Kongwa. Wanalima alizeti na mtama. Baba yake, mzee Nathanaeli, macho yake yana mtoto wa jicho. Anaona mwanga na rangi, lakini maandishi hayaoni. Mama yake, Ruthu, anaona vizuri, ila masikio yamekufa karibu yote. Ukimpigia simu ya kawaida ataitikia "ee, ee," kumbe hajapata hata neno moja. Lakini akiiona midomo yako, anakuelewa. Ndiyo sababu Angelina na mdogo wake Fabian waliwanunulia wazazi simu janja, ili waonane kwa picha. Baba alisikia ikiita. Mama aliona pa kugusa. Waliitumia simu moja wakiwa wawili, na kwa miaka mitatu mambo yalikwenda.

Mwezi wa nne simu ilianza kusumbua. Angelina alipiga, ikaita, haikupokelewa. Siku nyingine haikupatikana kabisa. Jioni moja baba akapokea.

"Baba, shikamoo. Mbona tangu juzi hampokei?"

"Marahaba, mwanangu. Simu imekuwa na mambo mengi. Nikigusa hapa inatokea kwingine. Mara muziki, mara wananiambia nimeshinda gari. Na lile bando la wiki limekwisha."

"Si nimeliweka juzi?"

"Limekwisha. Chaji nayo haifiki mchana."

"Nani aliishika hiyo simu?"

"Fabian aliipamba. Ameniwekea simba."

Angelina alitaka kuuliza zaidi, lakini macho yalikuwa yanajifunga yenyewe. "Nitaongea na Fabian," alisema. Hakuongea naye siku ile, wala kesho yake. Kila mara alikumbuka wakati mikono yake iko ndani ya ndoo ya sabuni. Alipokuwa na nafasi, alikuwa amesahau. Wiki mbili zikapita hivyo.

Alhamisi moja, saa nane na nusu mchana, simu ya Angelina iliita. Namba ilikuwa ngeni.

"Wewe ndiye Angelina? Mimi ni dereva, nimebeba saruji. Niko na wazazi wako hapa kwenye gari. Mzee ameanguka, mguu umevunjika. Tunakwenda hospitali ya wilaya. Mama huyu hasikii ninachomwambia, ila ana karatasi yenye namba yako."

Angelina aliuegemeza ufagio ukutani. Alimweleza msimamizi, akavua aproni, akaondoka.

Alimkuta baba amelazwa, mguu wa kulia umefungwa vibao. Mama alikuwa amekaa sakafuni pembeni ya kitanda, kanga yake imejaa vumbi mpaka kiunoni. Angelina alichuchumaa mbele yake ili mama auone mdomo.

"Mama, ilikuwaje?"

Mama Ruthu alisema polepole. Upepo ulikuwa umeng'oa misumari ya bati moja. Asubuhi saa nne baba alipanda ngazi akalipigilie. Ngazi ikateleza. Aliposikia, yaani alipohisi ardhi imetikisika, mama alitoka nje akamkuta baba chini, mguu umepinda.

"Nikachukua simu," mama alisema. "Nikatafuta sura yako. Zamani ilikuwa juu, mkono wa kulia. Haikuwepo. Alikuwepo simba anafungua mdomo. Nikagusa, likaja tangazo la mafuta ya nywele. Nikagusa pembeni, likaja jingine. Baadaye nikaona kitu cha kijani kama cha kupigia. Nikakigusa, nikaisogeza mdomoni, nikasema, 'Njooni, baba yenu ameanguka.' Nikasema mara nyingi. Baba yako akanivuta kanga. Akaniambia acha, huyo si mtu. Nilikuwa naongea na tangazo."

Angelina alimshika mkono. Mama akaendelea.

"Nikaenda kwa jirani. Ilikuwa siku ya mnada, wote wamekwenda. Nikatembea mpaka barabarani. Magari mawili yalipita. La tatu lilisimama. Tulipomfikia baba yako ilikuwa saa saba."

Kwa saa tatu nzima mzee Nathanaeli alikuwa amekaa juani. Alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake.

Mfupa wa muundi ulivunjika mahali pawili. Hospitali iliwaandikia waende Dodoma mjini. Huko mguu ulinyooshwa na kuwekwa plasta ngumu kuanzia kwenye paja. Daktari alisema mzee akae karibu na hospitali kwa wiki nane. Kwa hiyo wazazi wakahamia Nkuhungu. Walilala kwenye kitanda cha Angelina, naye akatandika mkeka chumba cha mbele. Sasa aliamka saa kumi, ili apike uji na kumgeuza baba kabla ya kwenda kazini. Jioni alifua na kumwogesha. Zile dakika zake kumi hazikuwepo tena.

Jumamosi ya kwanza jirani yake Mwajabu alikuja kumjulia hali mgonjwa. Mwajabu ni fundi wa simu. Ana kibanda chake sokoni, na amefanya kazi hiyo miaka kumi na miwili. Alileta chupa ya maziwa na mikate ya kumimina.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Poleni sana na ugonjwa."

"Marahaba, mama. Tumeshapoa. Karibu," alisema mzee Nathanaeli.

Fabian naye alikuwepo. Alikuwa amefika asubuhi kutoka Kibaigwa, ambako anachomelea mageti na madirisha. Alikaa karibu na mlango. Tangu afike alikuwa hajamtazama dada yake usoni.

Simu ya wazazi ilikuwa juu ya stuli. Hakuna aliyeigusa, lakini kioo kiliwaka chenyewe. Simba akatikisa manyoya, kisha tangazo likafunika kila kitu.

Mwajabu aliitazama. "Hii imekuwa hivi tangu lini?"

Fabian ndiye aliyejibu.

"Tangu nilipoiweka mimi hiyo mandhari. Ilitumwa linki kwenye grupu. Walisema ni ya bure, inapendezesha simu. Nikaigusa, ikashuka, nikaiweka."

"Ilikuomba ruhusa?"

"Iliomba nyingi. Nikabonyeza kubali, kubali, kubali."

"Wengi hufanya hivyo," alisema Mwajabu.

"Na mimi nimeona dawa yake," Fabian alisema. "Nitaifleshi. Kuna mtu amenitumia mfumo mwingine wa simu. Unafuta wa zamani wote, unaweka huo, simu inakuwa kama mpya. Naweza kuanza leo."

Angelina aliinua kichwa. Sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu asiye na nguvu za kugomba. "Fabian, mara ya kwanza ulibonyeza tu. Sasa unataka kubonyeza tena."

Fabian aliinamisha macho.

Mwajabu alivuta kigoda akakaa, akajiweka mahali ambapo mama Ruthu angeweza kumwona mdomo. "Ngojeni tuelewane kwanza. Fabian, wewe unatengeneza mageti. Mteja akisema geti lake halipendezi, unafanya nini?"

"Nalipaka rangi."

"Akisema halifunguki vizuri?"

"Naangalia bawaba na kitasa."

"Unabomoa msingi wa nyumba?"

"Hapana."

"Simu ni vivyo hivyo. Mandhari ni rangi: picha ya nyuma, rangi za alama, umbo la herufi. Ukibadilisha, simu inabaki ile ile. Halafu kuna programu ya skrini ya mwanzo. Sisi mafundi tunaiita lancha. Hiyo ndiyo inayopanga kila unachokiona ukifungua simu, wapi pa kupigia, wapi pa picha, alama ziwe kubwa au ndogo. Hiyo ni kama mlango. Unaweza kuubadilisha na kuurudisha wa zamani bila kupoteza kitu. Mwisho kuna mfumo endeshi. Huo ndio msingi. Ukiugusa huo, nyumba nzima inatikisika."

"Kwa hiyo kubadilisha mfumo ni kosa?" Fabian aliuliza.

"Si kosa. Kuna simu za zamani ambazo kiwanda kimeacha kuziletea masasisho, na mfumo mwingine mzuri huzipa maisha. Nimewafanyia wateja. Lakini kuna mambo ya kujua. Kwanza, kufungua kufuli la mfumo kunafuta kila kilichomo. Pili, mfumo lazima uwe wa toleo lile lile la simu yako, siyo linalofanana nalo. Tatu, chaji ikikata katikati, simu inaweza isiwake tena. Nne, programu za benki na za pesa huweza kukataa kufanya kazi. Na ule mfumo unautoa kwa walioutengeneza wenyewe, siyo kwa mtu wa kwenye grupu."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, lakini bado akimtazama mama Ruthu.

"Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilikuwa na simu yangu, ina mwaka wa nne. Nikapata mfumo mpya, nikaona jina la simu ni lile lile. Mwishoni kulikuwa na herufi moja tofauti. Nikasema herufi moja ni nini. Simu ilizima, haikuwaka mpaka leo. Mle ndani kulikuwa na sauti za marehemu mama yangu. Alikuwa akinitumia kila Ijumaa, kuniuliza kama nimekula. Sikuwa nimeziweka mahali pengine."

Mama Ruthu alikuwa amefuata kila neno. Alinyoosha mkono akaugusa mkono wa Mwajabu, akauacha hapo kwa muda.

"Basi," alisema Mwajabu, "kitu cha kwanza ni kuhifadhi. Fabian, njoo ukae hapa. Utafanya wewe, mimi nitakuelekeza."

Walianza. Majina na namba za watu waliyahifadhi kwenye akaunti ya simu, kisha Angelina akaziandika namba tano muhimu kwenye daftari. Picha walizihamishia kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Kulikuwa na picha ya baba akiwa na ng'ombe wake wa kwanza kununua, na mama akipepeta mtama. Fabian alihakikisha zimefika kabla ya kuendelea.

Halafu Mwajabu akamwonyesha jinsi ya kuiwasha simu katika hali salama. "Hapa inawasha programu zake za kiwandani tu. Zilizoongezwa zinalala. Ndiyo maana unaona simba hayupo." Kweli, kioo kilitulia. Wakaingia kwenye mipangilio, wakaangalia orodha ya ruhusa.

"Soma," alisema Mwajabu.

Fabian alisoma. "Kuonekana juu ya programu nyingine. Kusoma meseji. Kujua ulipo. Kusimamia kifaa." Akasita. "Picha ya simba inahitaji kusoma meseji za nini?"

"Ndilo swali la kujiuliza kabla ya kukubali. Inachoomba kinahusiana na kazi yake? Kama hakihusiani, usikubali. Kama hujui, uliza."

Waliondoa kwanza ule usimamizi wa kifaa, maana bila hivyo programu ingekataa kufutika. Kisha wakaifuta. Nyuma yake walikuta nyingine mbili ambazo Fabian hakuziweka. Ziliingia zenyewe. Nazo zikafutwa. Wakawasha simu kawaida, wakaikagua kwa kifaa cha ulinzi kilichomo kwenye duka rasmi la programu. Mwisho Mwajabu akamwambia mzee abadilishe namba yake ya siri ya pesa za simu, kwa sababu meseji zake zilikuwa zimesomwa.

"Kwa sasa tumeishia hapo," alisema. "Programu ingegoma kufutika, tungeirudisha simu kwenye hali ya kiwandani. Hatujafika huko."

Mzee Nathanaeli alikuwa akisikiliza muda wote, mguu wake wenye plasta umenyooshwa juu ya mto. Sasa akasema, "Kwa hiyo simba ameondoka."

"Ameondoka, baba," alisema Angelina. "Na asirudi."

"Nilikuwa namwona."

Angelina alimgeukia.

"Simu yenu tangu mwanzo ilikuwa na vitu vidogovidogo, rangi ya majivu. Mimi naona ukungu tu. Mama yenu akienda shamba, siwezi kupiga. Nikamwambia Fabian, niwekee kitu ninachoweza kukiona. Akaweka simba mkubwa wa manjano. Nikamwona. Nilifurahi. Usimlaumu sana ndugu yako, mimi ndiye niliyeomba."

Fabian alijifuta uso kwa kiganja. Angelina alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alizifikiria zile wiki mbili ambazo alisahau kupiga simu Kibaigwa. Alimwambia tu mdogo wake, "Kuna uji jikoni. Hujala tangu asubuhi."

Mwajabu alisubiri Fabian arudi na bakuli. Kisha akasema, "Baba ameomba kitu cha maana. Tatizo lilikuwa mahali pa kukipata. Zipo lancha zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wazima na wasioona vizuri. Tuitafute kwenye duka rasmi lililomo ndani ya simu."

Walizikuta kadhaa. Mwajabu hakuchukua ya kwanza. Alimwonyesha Fabian pa kuangalia: nani ameitengeneza, watu wangapi wameipakua, wanalalamika nini, ilisasishwa lini. Moja ilikuwa na malalamiko ya matangazo, wakaiacha. Nyingine haikusasishwa kwa miaka minne, wakaiacha nayo. Ya tatu iliomba majina ya watu na ruhusa ya kupiga simu.

"Hii?" aliuliza Fabian.

"Kazi yake ni kukupigia mtu ukigusa sura yake. Kwa hiyo majina na simu ni haki yake. Haijaomba meseji. Ichukue."

Programu ilishuka. Simu ikauliza kama iwe skrini ya mwanzo, wakakubali. Kioo kizima kikagawanyika vyumba sita vikubwa.

"Sasa wenye simu waseme wanataka nini," alisema Mwajabu, akawapa wazazi.

Ilichukua muda mrefu. Herufi nyeupe zilimwumiza baba macho. Za bluu hakuziona. Walipojaribu njano juu ya nyeusi, alisema, "Hapo." Mama alitaka sura ya Angelina juu, mkono wa kulia, pale pale ilipokuwa. Pembeni wakaweka sura ya Fabian. Chini wakaweka jirani yao wa Mlali, mzee Mazengo, na mhudumu wa afya wa kijiji. Chumba cha tano kilikuwa tochi, na cha sita redio, maana baba hulala na redio. Sura ya Angelina na ya Fabian zilipangwa zipige simu ya picha moja kwa moja. Kisha wakafunga mpangilio wote, ili mkono ukitetemeka usihamishe kitu.

Kwa ajili ya mama, simu iliwekwa itetemeke kwa nguvu na taa ya nyuma iwake-wake ikiita.

"Mama, mpigie Angelina," alisema Fabian kwa midomo.

Angelina alitoka nje, akasimama karibu na kamba ya nguo. Mama aligusa mara moja. Simu ya Angelina ikaita. Akaona uso wa mama, karibu mno, paji la uso na jicho moja.

"Nakuona," alisema mama.

"Na mimi nakuona, mama."

Baba naye alijaribu. Mara ya kwanza aliwasha tochi. Mara ya pili akampata mzee Mazengo kule Mlali, wakaongea habari za ng'ombe.

Fabian aliendelea kuja kila Jumamosi. Wiki ya tatu aliuliza tena habari za mifumo. Safari hii aliuliza kwa namna nyingine. "Fundi, mtu akitaka kujifunza kweli, anaanzaje?"

Angelina alikuwa na simu ya zamani kabatini. Kioo kilikuwa kizima, lakini ilikuwa nzito kiasi kwamba kufungua meseji moja kulichukua dakika. Kiwanda kilikuwa kimeacha kuihudumia muda mrefu. Mwajabu aliikagua, akaisoma namba ya toleo mpaka herufi ya mwisho, akaitafuta kwenye tovuti ya watengenezaji wa mfumo mmoja wa wazi, ambao mtu yeyote anaweza kuuchukua bure. Ilikuwemo.

"Jifunze na hii," alimwambia Fabian. "Haina kitu ndani. Ikifa, hakuna atakayelia."

Jumamosi ya kwanza ya kujaribu walishindwa. Kufuli la mfumo lilitaka kusubiri siku saba kabla ya kufunguka, na Fabian alikuwa hajui. Aliporudi, walisoma maelekezo yote mpaka mwisho kabla ya kugusa kitu. Walichaji simu ikajaa. Wakatumia waya mzuri wa kompyuta, siyo ule unaolegea. Kioo kilizima, kikakaa kimya kwa dakika nyingi, na Fabian akatembea kutoka ukutani mpaka mlangoni. Hatimaye rangi zikatokea. Simu ilikuwa nyepesi. Programu ya benki ilikataa kufanya kazi, kama Mwajabu alivyosema, lakini simu ya picha ilikubali. Fabian akaweka lancha ile ile, sura zile zile. Simu hiyo akampa mama iwe yake peke yake, na ile waliyokuwa wakiitumia wote wawili ikabaki kwa baba.

Mwezi wa saba plasta ilitolewa. Mguu ulikuwa mwembamba, umekakamaa. Daktari alisema mzee atatembea kwa fimbo, pengine siku zote. Macho yake yalipangiwa kliniki mwezi wa tisa. Wazazi wakarudi Mlali. Angelina akarudi kwenye kitanda chake. Usiku wa kwanza hakupata usingizi, ingawa alikuwa ameutamani kwa wiki nane.

Jumanne moja mwezi wa nane, saa tatu asubuhi, Angelina alikuwa akipiga deki ghorofa ya nne. Simu ilitetemeka mfukoni. Alikuwa mama, akipiga kwa simu yake. Alikuwa peke yake. Hakuna aliyemshikia.

"Mguu wa baba yako umevimba," alisema. "Tangu jana. Yeye anasema si kitu."

"Nionyeshe, mama. Geuza simu."

Mama aligeuza. Angelina aliona mguu umekuwa mwekundu na unang'aa kutoka kwenye kifundo mpaka chini ya goti. Akamwambia mama polepole, midomo ikifunguka wazi: "Gusa picha ya mhudumu wa afya, umpe baba aongee naye. Mimi nampigia Fabian."

Saa nne na nusu Fabian alikuwa amefika na bajaji. Saa tano baba alikuwa kituo cha afya. Waliona ni uchafu ulioingia kwenye kidonda kidogo cha kisigino, na umeanza kupanda. Alichomwa sindano, akapewa dawa za siku kumi. Tabibu alisema wamefanya vizuri kuja mapema, kwa maana kesho yake ingekuwa habari nyingine.

Saa tisa mchana mama alipiga tena. Angelina alikuwa kwenye ngazi, amebeba ndoo mbili. Aliziweka chini akapokea.

"Tumerudi," alisema mama. "Amekula. Amelala. Fabian yuko nje anapigilia lile bati."

"Asante, mama. Umefanya vizuri sana kupiga."

Mama Ruthu hakukata simu. Aliisogeza karibu, akamtazama binti yake kwa muda, macho yake yakipita kwenye kitambaa cha kichwa, kwenye macho, kwenye mabega.

"Angelina, umechoka."

"Kidogo, mama."

"Siyo kidogo. Nakuona. Kaa chini."

Angelina alitazama korido. Haikuwa na mtu. Akakaa kwenye ngazi, akanyoosha miguu, akaegemeza kichwa ukutani. Mama yake naye akakaa kwenye kigoda chake kule Mlali. Walikaa hivyo, wanatazamana, mpaka pumzi ya Angelina ikatulia.